Kebo za Kompyuta Kiwandani: Kwa Nini Zipimwe, na kwa Nini Tudai Karatasi ya Vipimo



Matawi mengi ya viwanda na ya mashamba yametuletea malalamiko ya namna moja. Mfanyakazi ameweka kidole chake kwenye mashine ya langoni asubuhi, amefanya kazi kutwa, ametoka jioni, na mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara inasema hakuwapo. Akienda kwa karani anaambiwa, "Ni mtandao." Akienda kwa msimamizi anaambiwa kwamba mashine haisemi uongo. Zamani kosa la ofisi liliitwa faili limepotea. Siku hizi linaitwa mtandao, na anayelipa ni yule yule.

Katika makala hii tunapenda kueleza jambo ambalo wengi wetu hatulitazami kwa sababu limefichwa juu ya dari na ndani ya mabomba ya plastiki, yaani kebo inayochukua habari kutoka kwenye mashine ya langoni, au kutoka kwenye mzani, mpaka kwenye kompyuta ya ofisi ya mishahara. Kebo hiyo hupimwa. Kuna vyombo vya kuipimia, kuna kanuni za kimataifa zinazosema ipimwe namna gani, na kuna karatasi inayotolewa baada ya kupimwa. Tunataka wajumbe wa kila tawi waijue karatasi hiyo wakiiona, na waiulizie wasipoiona.

Mzani wa kupimia majani ya chai au miwa hukaguliwa na watu wa vipimo wa serikali na kutiwa muhuri. Kila mchuma chai anaujua muhuri huo na anajua maana yake. Lakini uzito ukishasomwa na kuingia katika kebo kwenda ofisini, hakuna mkaguzi anayeufuata tena. Ni kama gunia lililopimwa vizuri ghalani, kisha likapakiwa kwenye gari ambalo hakuna aliyelitazama magurudumu.

KEBO YENYEWE

Ukiikata kebo ya kawaida ya mtandao utakuta ndani nyaya 8 nyembamba za shaba zilizovikwa plastiki za rangi. Nyaya hizo zimesokotwa mbili mbili, zikawa jozi 4: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia, na katika kila jozi mmoja una rangi kamili na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi ile ile. Kusokotwa huko si urembo. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, aliuandikisha ufundi wa kusokota nyaya za simu huko Marekani mwaka 1881, na mpaka leo kazi yake ni ile ile.

Kazi hiyo ni hii. Waya mmoja wa jozi hupeleka ishara, na mwenzake huipeleka ishara hiyo hiyo kinyume chake. Kelele za umeme kutoka kwenye mota, kwenye taa au kwenye mashine ya kuchomelea zikiingia ndani ya kebo, huzipata nyaya zote mbili karibu sawasawa, kwa kuwa zimesokotana. Mashine ya upande wa pili hutazama tofauti iliyopo kati ya waya na mwenzake. Kile kilicho sawa kwa wote wawili, ambacho ndicho kelele, hukitupa. Msokoto ukifunguka, kelele hazigawanyiki sawa tena, na ishara huharibika.

Mwaka 1990 wahandisi walikubaliana namna ya kupitisha mazungumzo ya kompyuta katika nyaya za aina hii. Mwaka uliofuata, 1991, Marekani walitoa kanuni ya kufunga kebo katika majengo ya kazi, ambayo mafundi huitaja kwa namba yake, 568. Kanuni ya kimataifa, namba 11801, ilitolewa mwaka 1995. Fundi anayesema kwamba mambo haya ni mapya na hayana utaratibu anawadanganya.

KEBO MBOVU INAFANYA NINI

Hapa ni lazima tuwe waangalifu, kwani mjumbe akienda mezani na hoja isiyo sahihi atarudishwa mikono mitupu.

Kebo mbovu ya mtandao kwa kawaida haigeuzi kilo 32 zikawa kilo 23. Habari husafiri ndani ya kebo kama mafurushi madogo madogo, na kila furushi hufungwa na namba ya ukaguzi. Furushi likifika limeharibika, namba hailingani, na mashine inayopokea hulitupa. Programu iliyoandikwa vizuri italituma tena mpaka ipate jibu kwamba limefika. Programu mbaya itaendelea na safari kana kwamba limefika. Kwa hiyo dalili ya kebo mbovu ni kukosekana kwa habari au kuchelewa kwake: siku nzima haipo, kapu moja halipo, zamu ya usiku haipo. Mkikuta hesabu ipo lakini imebadilika, tazameni kwingine kwanza. Tazameni mzani, programu, au mkono wa mtu.

Ipo aina moja ambayo si lazima iwe hivyo. Mizani mingi ya zamani huzungumza na kompyuta kwa kebo ya namna nyingine, ya tarakimu moja moja, iliyotengenezewa masafa mafupi ya kiasi cha mita 15. Nyingine kati ya hizo hazina namba ya ukaguzi. Zikirefushwa kupita kiasi au zikipitishwa karibu na mota, tarakimu yenyewe yaweza kuharibika. Mjumbe aulize mzani wa tawi lake umeungwa kwa kebo ya aina gani.

Jambo jingine la kutofautisha ni mtandao wa nje na mtandao wa ndani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukalegea katika Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine. Magazeti yaliandika na redio zikatangaza. Lakini kama kompyuta ya mishahara iko hapo hapo kiwandani, kebo ya baharini haihusiki hata kidogo na kidole kilichowekwa langoni. Msimamizi akisema mtandao wa nchi umekatika, mwulizeni kwa upole: kompyuta inayopokea vidole vyetu iko wapi, hapa au Kampala? Jibu lake litaonyesha ni kebo ipi ya kuulizia.

KUPIMA KWA TAA HAKUTOSHI

Mafundi wengi hubeba kisanduku kidogo chenye taa 8. Wakichomeka upande huu na upande ule, taa huwaka moja, mbili, tatu, mpaka nane, nao husema kebo ni nzima. Kisanduku hicho si kibaya. Kinaonyesha kama kuna waya uliokatika, kama nyaya mbili zimegusana, na kama waya namba 1 umetokea kwenye namba 1. Lakini hakionyeshi zaidi ya hapo.

Tuchukue kosa moja ambalo taa hazilioni kabisa. Fundi asiyefundishwa hupanga nyaya kwa mpango anaoujua mwenyewe, rangi baada ya rangi, na kuupanga hivyo hivyo upande wa pili. Taa zote 8 zitawaka kwa utaratibu. Lakini kanuni inataka nafasi ya 3 na ya 6 zishikwe na jozi moja, na huyu ameweka waya wa jozi moja kwenye 3 na waya wa jozi nyingine kwenye 6. Ishara sasa inasafiri katika nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja, kila mmoja umefungwa kwa mwenzake wa zamani. Kwa mwendo mdogo kebo itafanya kazi. Kompyuta zikiongeza mwendo, au kebo ikiwa ndefu, mafurushi yataanza kutupwa. Mafundi huliita kosa hili jozi zilizotengana, na ni miongoni mwa makosa yanayosumbua sana, kwa sababu kila mtu anaapa kwamba kebo ilipimwa.

Kadhalika taa ndogo ya kijani inayowaka kwenye soketi si ushahidi. Mwendo wa megabiti 100 hutumia jozi 2 tu. Mwendo wa megabiti 1000 hutumia jozi zote 4. Jozi ya kahawia ikikatwa na panya, mashine mbili zaweza kukubaliana kushuka kwenye mwendo mdogo na kuendelea, taa inawaka, na hakuna anayejua kwamba kebo imebaki na nusu ya nguvu zake.

KIPIMO KAMILI

Kipimo kamili hufanywa na chombo cha aina nyingine, chenye vipande viwili, kimoja huku na kimoja kule, ambacho bei yake ni maelfu ya dola. Kwa sababu hiyo mkandarasi mdogo huwa hana, ila anaweza kukikodi, na gharama hiyo huandikwa katika bei ya kazi. Chombo hicho hupima mambo mengi kwa mara moja, nasi tutaeleza yale yanayotuhusu.

Hupima urefu. Hupeleka mshindo wa umeme na kusubiri mwangwi wake urudi. Kwa kuwa umeme husafiri ndani ya kebo kwa kasi ya kiasi cha thuluthi mbili ya kasi ya mwanga, chombo hujua mwangwi umetoka mita ngapi. Kanuni inaruhusu mita 90 za kebo iliyofungwa ukutani, na mita 10 za vipande vifupi vya kuunganishia mashine, jumla mita 100. Kiwanda cha chai si nyumba ya mtu. Kutoka langoni hadi ofisini kwaweza kuwa mita 150 au 200, na hapo ndipo mkandarasi hujaribu bahati yake.

Hupima kufifia. Ishara huchoka njiani, na huchoka zaidi kebo ikipata joto. Kebo iliyolazwa chini ya mabati au kupitishwa juu ya chumba cha kukaushia chai haiwi sawa na ile iliyopimwa katika ofisi yenye upepo.

Hupima mnong'ono, yaani kiasi ambacho jozi moja inaisikia jozi nyingine. Mnong'ono mwingi hutokea pale mwishoni, kwenye soketi, kwa sababu fundi amefungua msokoto kupita kiasi ili apate nafasi ya vidole vyake. Kanuni inasema msifungue zaidi ya milimita 13, ambayo ni kama upana wa ukucha. Kipimo hiki lazima kifanywe kutoka pande zote mbili, kwani kosa la upande wa mbali husikika kwa shida ukiwa upande huu. Hupima pia mwangwi unaorudi kutoka kwenye maungio mabaya na kwenye mahali kebo ilipobanwa au kukunjwa kama kamba ya mbuzi.

Tena hupima ukinzani wa nyaya. Kipimo hiki tunakisisitiza kwa sababu ya bidhaa zinazouzwa madukani. Ziko kebo ambazo nje zimeandikwa maneno yote mazuri, lakini ndani waya ni wa alumini uliopakwa shaba juu juu. Kanuni zote mbili tulizozitaja zinataka shaba tupu. Alumini ya namna hiyo ina ukinzani wa kiasi cha mara moja na nusu kuliko shaba, huvunjika upesi ikikunjwa, na hupata joto zaidi pale kebo inapobeba pia umeme wa kuendesha kamera au mashine ya kidole. Si lazima kuwa na chombo ili kuitambua. Kwangua waya kwa kisu: shaba hubaki nyekundu mpaka ndani, na hii nyingine huwa nyeupe. Kifanyeni kipimo hiki kwa kipande kilichobaki sakafuni baada ya kazi, si kwa kebo iliyoungwa, na kamwe msiguse kisanduku chochote chenye umeme.

Kwa masafa marefu, na kati ya jengo na jengo, ufumbuzi mzuri ni kebo ya kioo, ambayo hubeba mwanga badala ya umeme. Haisikii kelele za mota, haina habari na mita 100, na haipitishi radi kutoka jengo hili kwenda lile. Nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, kwa hiyo jambo hili si dogo kwetu. Nayo hupimwa, kwa kupeleka mwanga upande mmoja na kusoma kiasi kinachofika upande wa pili, na ugonjwa wake mkubwa ni vumbi kwenye ncha. Katika kiwanda cha chai vumbi halihitaji kutafutwa. Wenzetu wanaofagia na kutengeneza wakumbuke kwamba mwanga huo haonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru. Usichungulie ncha ya kebo ya kioo.

JAMBO TULILOLIONA

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, wafanyakazi kadhaa wa zamu ya asubuhi walikatwa siku mbili, tatu, hata nne katika mwezi mmoja. Wawili kati yao waliandikiwa barua za onyo kwa kutoroka kazini. Tulikwenda. Menejimenti ilituonyesha karatasi ya kompyuta, na kwa kweli majina yao siku zile hayakuwamo. Tukaonyeshwa pia kwamba mashine ya langoni ilikuwa mpya, imebadilishwa mara moja tayari, na kwamba mkandarasi alipima kebo kwa taa na zote ziliwaka.

Mama mmoja wa chumba cha kupokelea majani alikuwa na daftari la shule ambamo huandika siku za mvua, kwa sababu majani mabichi yenye maji hupunguziwa uzito, naye hataki kupunjwa. Tukaweka daftari lake kando ya karatasi ya kompyuta. Siku zilizopotea zilikuwa siku za mvua. Hazikuwa baadhi, zilikuwa zote.

Baada ya kuandikiana barua kwa wiki kadhaa, mwajiri alikubali kumwita fundi mwenye chombo kamili. Chombo kilisema mambo mawili. Kebo ilikuwa na urefu wa mita 140. Na mita 62 kutoka ofisini palikuwa na kiungio kibaya. Wakapima kwa futi ya utepe wakafika katika ghala la mbolea, wakafungua bomba, wakakuta nyaya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, chini ya bati linalovuja. Siku kavu habari zilipita. Mvua ikinyesha ziliishia ghalani.

Na jambo la pili lilikuwa na faida zaidi kuliko hilo la kwanza. Mashine nyingi za kidole zina kumbukumbu yake yenyewe. Kidole kikiwekwa huandikwa kwanza ndani ya mashine, kisha hupelekwa ofisini. Kebo ikikatika, maandishi hubaki mle ndani mpaka kumbukumbu ijae, na mtu mwenye ruhusa anaweza kuyatoa kwa flashi bila kutumia kebo yoyote. Hakuna aliyekuwa ameyatoa. Yalipotolewa, siku zote zilikuwamo, na saa za kuingia na za kutoka. Malimbikizo yalilipwa mwezi uliofuata. Barua za onyo zilichukua muda mrefu zaidi kuondolewa katika majalada, kwani ofisi hupenda kulipa fedha kuliko kuandika kwamba ilikosea.

Mambo haya si ya nchi zetu peke yake. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1999 mpaka 2015, mamia ya watu waliokuwa wakiendesha posta ndogo walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu kwa kutegemea hesabu za kompyuta iliyoitwa Horizon. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Huko ubovu ulikuwa hasa katika programu, si katika kebo, na hatutaki kuchanganya mambo. Lakini kila mmoja alipolalamika aliambiwa kwamba mashine ni nzima, na wengi waliambiwa kwamba ni yeye peke yake mwenye tatizo. Walipojikusanya watu 555, mmoja wa viongozi wao akiwa Alan Bates, na kwenda mahakamani kwa pamoja, jaji alitamka Desemba 2019 kwamba kompyuta ile ilikuwa na makosa. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo.

KARATASI NA NAMNA YA KUISOMA

Chombo kamili kikimaliza hutoa karatasi kwa kila kebo. Mjumbe aangalie kwanza namba ya kebo, kisha aende kwenye soketi aone kama namba hiyo imeandikwa pale. Karatasi isiyo na namba inayolingana na ukuta ni karatasi ya kebo yoyote duniani. Tumewahi kuona rundo la karatasi 48 zenye urefu ule ule mpaka sentimita, na hakuna kiwanda ambacho soketi 48 ziko umbali mmoja. Fundi alikuwa amepima kebo moja mara 48.

Kisha aangalie tarehe, na kanuni iliyotumika. Kebo ya daraja la 5e hupimwa mpaka megahezi 100, ya daraja la 6 mpaka 250, na ya 6A mpaka 500. Kama mwajiri amelipia daraja la 6 na karatasi inasema 5e, hilo ni kati yake na mkandarasi, lakini ni vizuri ajue kwamba tumeliona. Karatasi pia huonyesha namba ya chombo na tarehe ambayo chombo chenyewe kilisahihishwa mara ya mwisho. Watengenezaji kwa kawaida hutaka kisahihishwe kila mwaka, kama mzani.

Matokeo huandikwa PASS, maana yake imefaulu, au FAIL, imeshindwa. Pengine utaona PASS yenye nyota pembeni. Nyota hiyo maana yake ni kwamba kebo imefaulu kwa kiasi kidogo mno, hata chombo chenyewe hakiwezi kuapa. Kebo ya nyota kwenye mashine ya langoni sisi hatuikubali. Kwenye kompyuta ya mgeni wa ofisi, shauri lao.

Na hata karatasi nzuri ni ya siku ile tu. Mwezi mmoja baadaye gari la kunyanyulia mizigo limegonga bomba, panya wamefika, au fundi umeme amelaza kebo ya mota sambamba na kebo ya habari kwa sababu bomba lilikuwa na nafasi. Hilo la mwisho si la mshahara peke yake: waya wa umeme mkubwa na kebo ya habari ndani ya bomba moja ni hatari kwa maisha ya mtu atakayeshika soketi, na liripotiwe siku ile ile kwa kamati ya usalama.

TUNACHODAI MEZANI

Katika majadiliano ya mkataba tunadai kwamba mashine yoyote inayohesabu saa, kilo au vipande kwa ajili ya mshahara isianze kutumika kabla kebo yake haijapimwa kwa chombo kamili, na nakala ya karatasi ipewe tawi. Kwa miezi mitatu ya mwanzo daftari la zamani la mahudhurio liendelee sambamba na mashine. Mfanyakazi asikatwe wala kuandikiwa onyo kwa siku isiyoonekana mpaka kumbukumbu ya mashine isomwe mbele ya mjumbe. Kebo ipimwe tena baada ya radi, mafuriko au ujenzi. Waajiri wengine wamesema haya ni gharama. Tumewajibu kwamba kebo hiyo hiyo ndiyo inayopeleka hesabu za ghala na maagizo ya wateja wao, na mtambo wa kufungashia ukisimama kwa saa moja kwa sababu ya plagi mbovu, hasara si ya mfanyakazi.

Wafanyakazi wa Uganda wana sheria mbili za kuwasaidia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupata karatasi ya mshahara inayoonyesha malipo na makato yake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuonyeshwa habari zake zinazotunzwa na wengine, na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa. Alama ya kidole chako na saa zako ni habari zako.

Makatibu wa matawi wanaombwa kuleta nakala za karatasi za vipimo katika mkutano ujao wa eneo, pamoja na namba zilizoandikwa kwenye soketi. Tawi ambalo halijapata karatasi yoyote lituandikie mahali mashine ilipo, tarehe ilipofungwa, na kama ina kumbukumbu ya ndani. Nasi tutaiandikia menejimenti.